Bei ya Tobo

Wattaya, saa tano asubuhi, Julai.
Nje ya kioo hata vivuli vimeingia uvunguni mwa magari.
Yaarub bin Khalfan amekuja na kalkuleta,
na swali ambalo wote huniuliza:

"Hili lenye paa, elfu thelathini na moja.
Hili la kukunjuka, thelathini na sita na nusu.
Injini ile ile, magurudumu yale yale,
wekundu ule ule kama komamanga la Jabal Akhdar.
Nipunguziwe bati, niongezewe bei?
Tangu lini mtu akauziwa upungufu?"

Nikamjibu kama nilivyofundishwa.
Paa si mwavuli, bwana. Paa ni mfupa.
Chukua boksi la viatu, likamue kama nguo:
na kifuniko chake, linakukatalia;
kivue, linajipinda mkononi.
Gari lililokatwa kichwa lingetetemeka kwa kila tuta,
basi waliloondoa juu wamelizika chini:
chuma kinene mbavuni, vyuma vya mkingamo sakafuni,
na fremu ya kioo cha mbele iliyokazwa
ili gari likipinduka, Mungu apishe mbali,
kichwa chako kisiwe ndiyo nguzo.
Kisha mota, mabomba ya mafuta, raba kila ukingo,
kitambaa tabaka tatu,
na sekunde kumi na nane za paa kujikunja butini
bila kumbana mtu kidole.
Na wanunuzi wenyewe wachache.
Ng'ombe wa watu saba akichangiwa na wawili,
kila mmoja atausikia mfuko wake.

"Kwa hiyo nanunua chuma nisichokiona
ili niione mbingu."
Ndiyo.
"Na mbingu yenyewe digrii arobaini na saba."

Tukacheka. Kwa kuwa nilikwisha kumpenda, nikamhesabia:
usiku wa Januari, Qurum, pepo za baharini;
wiki mbili za Februari;
Salala wakati wa kharifu, hapana, kule kuna manyunyu, utalifunga.
Siku arobaini kwa mwaka, ukijitahidi.
Meneja alikuwa akinitazama kwa jicho la pembeni.

Yaarub akajiweka sawa kofia,
ndipo nikaiona.
"Hiyo umeinunua ngapi?"
"Sabini."
"Na za mashine, pale Matrah?"
"Mbili. Tatu, ukiwa hujui kupatana."
"Kitambaa cha hiyo kimezidi?"
Akaivua, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha.
Nuru ikapita kwenye viua,
ikamdondokea usoni kama mtama uliomwagika.
Hakunijibu.

Mama yangu, Bi Shinuna, hushona hizo, nyumbani Mabela,
miguu kaikunjua mkekani, kiyoyozi kikimkoromea.
Kutoboa, husema, ni kazi ya pumzi moja.
Kulizungushia tobo uzi lisije likachanika,
likafuliwa, likapigwa pasi, likavaliwa Idi kumi,
hiyo ndiyo miezi mitatu.
Hawalipi kitambaa, mwanangu.
Kitambaa nawapa bure.

Yaarub akatia sahihi saa saba kasoro.
Alichukua lenye paa.
Mlangoni alisimama kidogo juani, kichwa wazi,
kama anayepima kitu,
kisha akaivaa kofia yake, akawasha gari, akafunga vioo vyote.

Jioni mama alinipa sindano nimtilie uzi.
Mwaka huu hulioni tena tundu lake, yeye
aliyetoboa matobo elfu na elfu
kwa vichwa vya watu asiowajua.
Nikalilamba lile uzi, nikalipitisha mara ya tatu.
"Yule kijana kanunua lipi?"
Nikamwambia.
Akanyamaza, akahesabu viua kwa ncha ya kidole.
"Kofia ya sabini," akasema, "halafu akaogopa upepo?
Haya. Ilete taa karibu."